6.0 ni namba kamili au desimali? Na bei za duka nizihifadhi vipi?

kaunta_mbale ameuliza:

Habari zenu wote. Naandika programu ndogo ya Python ya kurekodi mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi: misumari inayopimwa kwa kilo, waya unaokatwa kwa mita, simenti kwa mfuko, rangi kwa kopo. Kuna mambo matatu yananisumbua na nahisi yote yametoka kwenye mzizi mmoja.

La kwanza, 6/2 inanipa 3.0 badala ya 3, na nikiiingiza kwenye range() programu inakataa. Vitabu vya shule vinasema namba kamili ni ile isiyo na nukta. Sasa hii 3.0 ni namba kamili au ni desimali?

La pili, 0.1 + 0.2 inaleta 0.30000000000000004. Hiyo 4 ya mwisho imetoka wapi?

La tatu, safu zipi ziwe namba kamili na zipi ziwe desimali? Nina bei, uzito, urefu, idadi ya mifuko, VAT na namba ya simu ya mteja.

Mwenye kujibu naomba atumie mifano ya shilingi. Maelezo mengi mtandaoni ni ya dola na senti, na sisi senti hatuna.

---

mwalimu_wa_namba amejibu:

Ndugu Kaunta, swali lako la kwanza lina maswali mawili ndani yake: namba ina thamani gani, na imeandikwa vipi. Ukiyatenganisha, nusu ya utata unaondoka.

Namba kamili ni 0, 1, 2, 3 na kuendelea, pamoja na hasi zake: −1, −2, −3. Sifa yake kubwa ni kwamba kila moja ina jirani. Ukiwa kwenye 7, anayefuata ni 8, na hapo katikati hakuna mtu. Ndiyo maana zinafaa kuhesabia vitu ambavyo havigawanyiki: mifuko, wateja, siku, risiti.

Desimali ni namna ya kuandika. Unaweka nukta, kisha nafasi ya kwanza baada yake ni sehemu za kumi, ya pili sehemu za mia, ya tatu sehemu za elfu. Hapa hakuna jirani. Niambie ni ipi inayofuata baada ya 2.1. Ukisema 2.2, nitakuletea 2.15. Ukisema 2.11, nitakuletea 2.105. Kwa hiyo desimali zinafaa kupimia: uzito, urefu, ujazo.

Sasa 3.0. Kwa thamani ni namba kamili, hakuna ubishi, kwa sababu baada ya nukta hakuna kilichobaki ila sifuri. 3, 3.0 na 3.00 zinakaa sehemu moja kwenye mstari wa namba. Ile kanuni ya "isiyo na nukta" ni njia ya mkato ya kumsaidia mtoto wa darasa la nne. Inafaa kwa mazoezi, ila inavunjika mara tu unapokutana na 3.0. Kanuni isiyovunjika ni hii: toa sehemu nzima, kikibaki sifuri, hiyo ni namba kamili. 3.0 toa 3 inabaki 0. 3.5 toa 3 inabaki 0.5, kwa hiyo siyo.

Lakini sifuri ile si pambo. Mizani ikionyesha kilo 3.0 inakwambia imepima hadi sehemu ya kumi, na uzito wa kweli uko mahali fulani kati ya 2.95 na 3.05. Ikionyesha 3.00 imepima kwa ukaribu zaidi, kati ya 2.995 na 3.005. Mtu aliyeandika "kilo 3" tu hajakwambia alipima kwa mizani gani. Kwa hiyo kwenye vipimo usifute sifuri za mwisho ovyo; kwenye hesabu tupu, zifute upendavyo.

Makosa ninayoyaona sana kwa wanaoanza, na yanaingia mpaka kwenye programu:

Mtu anasoma sehemu ya baada ya nukta kana kwamba ni namba kamili nyingine. Anaona 0.45 na 0.5, anasema 45 ni kubwa kuliko 5, basi 0.45 ni kubwa. Dawa ni kusawazisha nafasi kwa sifuri kabla ya kulinganisha: 0.45 na 0.50. Hapo hata asiyejua anaona. Kosa hilohilo linamfanya aseme 2.9 ikiongezwa 0.1 ni 2.10, akidhani imepanda. 2.10 ni sawa na 2.1, yaani ameshuka!

La pili ni hasi. −2.5 ni ndogo kuliko −2. Watu huenda upande usio wao kwa sababu macho yanaona 2.5 ni kubwa kuliko 2. Hili lishike, maana litakurudia kwenye kurejesha bidhaa.

La tatu, kudhani kwamba kila sehemu ina desimali inayoisha. Robo ni 0.25, imekwisha. Theluthi ni 0.333… na haitaisha hata ukijaza daftari zima. Hapo ndipo jibu la swali lako la pili linapoanzia, lakini nawaachia watu wa kompyuta.

---

fundi_jinja amejibu:

Nimepokea hapo kwa mwalimu.

Watu wa pwani wana majina mazuri ya sehemu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni, ushuri. Sasa chukulia kompyuta kama mizani ya zamani ya mawe, na mawe yake ya sehemu ni nusu, robo, thumuni, nusu ya thumuni, na kuendelea kwa kugawa mbili kila mara. Theluthi hana. Humusi hana. Ushuri, yaani moja ya kumi, pia hana.

Mwambie akupimie 0.5, anaweka jiwe moja la nusu, sawasawa kabisa. Mwambie 0.75, anaweka nusu na robo. Mwambie 0.1, kazi imeanza. Anaweka moja ya 16 na moja ya 32, anafika 0.09375. Anaongeza moja ya 256, anafika 0.09765625. Anaongeza moja ya 512, anafika 0.099609375. Anazidi kusogea na hafiki kamwe, kama vile wewe na 0.333. Mwishowe mawe yanamwishia (ana nafasi 53 tu za tarakimu za mbili), anakadiria jiwe la mwisho na kukukabidhi kitu ambacho kwa kweli ni 0.1000000000000000055 na zaidi. 0.2 nayo ina ziada yake. Zikijumlishwa, ziada inaonekana: hiyo ndiyo 4 yako ya mwisho.

Kwa hiyo Python haina kosa, na kubadilisha lugha hakutasaidia. Java, JavaScript, C, zote zinatumia mawe yaleyale. Hata Excel, ila yenyewe haionyeshi zaidi ya tarakimu 15, kwa hiyo inakuonyesha 0.3 na wewe unalala usingizi.

Python inaziita aina hizi mbili `int` na `float`. Nitasema inti na floti. Tofauti na darasani, hapa aina inategemea ulivyoiandika au ulivyoipata, haitegemei thamani. 6 ni inti, 6.0 ni floti, ingawa 6 == 6.0 inajibu True. Alama ya / inatoa floti siku zote, hata kama hesabu imegawanyika bila baki. Ndiyo maana umepata 3.0, na range() inataka inti tu. Tumia // badala yake: 6//2 ni 3, 7//2 ni 3, na baki unaipata kwa 7 % 2, ambayo ni 1.

Mitego ya kugeuza moja kuwa nyingine:

int(6.99) ni 6. Haikadirii, inakata tu mkia. Ukitaka ya karibu tumia round().

int("6.0") inaleta kosa, kwa sababu maandishi yale yana nukta. Lazima upitie float kwanza, na hilo lina hatari zake.

Mita za waya: mteja anataka 4.35, wewe unataka sentimita. 4.35*100 inatoa 434.99999999999994, ukiifunga kwa int() unapata 434. Umempunja mteja sentimita moja na programu haijalalamika. round(4.35*100) inatoa 435. Huu ndio mtego unaouma zaidi, kwa sababu unatokea kwa baadhi ya namba tu, unajaribu 4.25 unaona sawa, unaondoka na moyo mkunjufu.

Na usilinganishe floti kwa ==. Jumlisha 0.1 mara kumi, utapata 0.9999999999999999, ukiuliza kama ni sawa na 1 unaambiwa False. Ikiwa programu yako inangoja kilo zifike 1 kamili ndipo isimame, itapita moja kwa moja bila kusimama.

Sasa safu zako. Kanuni yangu: unachohesabu kiwe inti, unachopima kibadilishe kiwe kipimo kidogo zaidi halafu nacho kiwe inti.

Mifuko na makopo: inti. Ila acha nafasi ya hasi kama utarekodi bidhaa zilizorudishwa kwenye safu hiyohiyo. Ukiweka UNSIGNED (yaani safu isiyokubali hasi) kwenye hifadhidata ya MySQL, siku ya kwanza ya −1 itakataa.

Bei: inti, kwa shilingi. Hapa Uganda tuna bahati: katika orodha ya kimataifa ya sarafu, UGX ina nafasi sifuri za desimali, kama faranga ya Rwanda na ya Burundi. Shilingi za Kenya na Tanzania zina nafasi mbili. Mwenzako wa Nairobi lazima ahifadhi senti, yaani 150.50 aiandike 15050; wewe 5,500 unaiandika 5500 na mambo yamekwisha. Tahadhari: ukiunganisha programu na huduma ya malipo ya mtandaoni, soma maelekezo yao kuhusu UGX neno kwa neno. Kuna zinazotaka kiasi kama kilivyo, na kuna zinazotaka ukizidishe kwa 100 hata kama senti hazipo. Ukikosea upande mmoja mteja analipa mara mia, ukikosea upande wa pili unapata shilingi 10 kwa bidhaa ya 1,000. Jaribu kwa kiasi kidogo kwanza.

Uzito: hifadhi gramu. Kilo 1.275 ni 1275. Urefu: hifadhi sentimita, au milimita kama unauza vyuma. Mtumiaji ataendelea kuona 1.275 kwenye kioo. Unagawanya kwa 1000 wakati wa kuonyesha tu.

Namba ya simu: maandishi. Inaitwa namba lakini haihesabiki. Jiulize jumla ya namba mbili za simu ina maana gani. Ukiiweka inti, 0 ya mwanzo inapotea, na alama ya + kwenye +256 haina pa kukaa. Hali kadhalika namba ya risiti ikiwa inaanza na 000, na namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo tayari ina herufi ndani yake.

Jambo la mwisho, ukubwa. Inti za Python hazina mwisho, lakini safu ya INT ya MySQL na int ya Java zinakomea 2,147,483,647. Kwa dola ni fedha nyingi mno. Kwa shilingi zetu, duka linalouza milioni 3 kwa siku likiweka jumla inayokua, linavuka hapo siku ya 716, yaani kabla ya miaka miwili kutimia. Java itageuka ghafla kuwa hasi ya bilioni mbili na ushee. MySQL itakataa kuandika, au kwenye mipangilio ya zamani itaandika hiyohiyo 2147483647 na kunyamaza. Weka BIGINT, yaani inti yenye nafasi kubwa zaidi, kuanzia mwanzo.

---

kijana_wa_wandegeya amejibu:

Mbona mnamzungusha ssebo? Python ina Decimal. `from decimal import Decimal`, weka kila kitu humo, 0.1 + 0.2 inakuwa 0.3, kwisha maneno.

---

fundi_jinja amejibu:

Decimal ni nzuri na siikatai, hasa kwa asilimia. Ila ina mlango ambao wengi wanagongea kichwa: Decimal("0.1") na Decimal(0.1) si kitu kimoja. Ya kwanza imesoma maandishi, ni 0.1 kweli. Ya pili imepokea floti ambayo tayari imeharibika, na itakuonyesha uharibifu wote, 0.1000000000000000055511151231257827 na mkia wake. Yaani alama za kunukuu ndizo zinazobeba kazi yote.

Pia haikuokoi kwenye theluthi. Decimal(1)/Decimal(3) inakata baada ya tarakimu 28. Na haikuambii shilingi moja iliyobaki umpe nani. 10,000 kwa watu watatu ni 3,333 kila mmoja na baki ya 1. Kwa inti unaiona baki mbele ya macho yako: 10000 % 3 ni 1, unaamua wa kwanza apate 3,334. Kwa desimali unapata 3333.33 na shilingi inapotelea hewani.

---

mhasibu_nakasero amejibu:

Mimi nitasema kuhusu kukadiria tu, maana fedha huvujia hapo hata kwa waliohifadhi vizuri.

Jambo la kwanza ni upande wa kukadiria. Unaamuliwa na kitu chenyewe, usiiachie kompyuta. Watu 50 wanaosafiri kwa taksi za abiria 14: 50/14 ni 3.57. Kukata kunatoa 3, na watu 8 wanabaki stendi. Hapo unapanda hadi 4. Lakini bomba la mita 10 ukilikata vipande vya mita 1.2 unapata 8.33, na hapo unashuka hadi 8, kwa sababu theluthi ya kipande haina mnunuzi. Hesabu ni ileile ya kugawanya, maamuzi ni kinyume. Fedha ndiyo inayokwenda kwa iliyo karibu.

Pili, nusu kamili. Kilo 1.275 za misumari kwa 5,500 ni 7,012.5. Excel ukiandika =ROUND(7012.5,0) inasema 7013. Python ukiandika round(7012.5) inasema 7012! Wala haijakosea: Python hupeleka nusu kamili kwenye namba shufwa iliyo karibu, ili nyingine zipande na nyingine zishuke, na jumla kubwa isielemee upande mmoja. round(7013.5) itakupa 7014. Shida inakuja pale risiti imetoka Python na mwenye duka anahakiki kwa Excel, halafu kila jioni kuna tofauti ya shilingi mbili tatu isiyo na maelezo. Chagua kanuni moja na uiandike wazi. Kwa inti, kupandisha nusu ni hivi:

(gramu * bei + 500) // 1000

1275 * 5500 ni 7,012,500. Ongeza 500, ni 7,013,000. Gawa 1000, ni 7013. Hakuna floti iliyoingia.

Tatu, VAT. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Bei ikiwa tayari ina VAT ndani, usichukue asilimia 18 ya bei hiyo. VAT ni sehemu 18 kati ya 118. Kwa 5,000: 5000 × 18 ÷ 118 ni 762.71, yaani 763. Bei bila VAT ipate kwa kutoa, 5000 − 763 = 4,237. Usiikokotoe upya kwa kugawanya na kukadiria mara ya pili, kwa sababu namba mbili zilizokadiriwa kila moja kivyake hazina ahadi ya kujumlika kuwa 5,000.

Na amua mapema kama unakadiria kwa kila mstari au kwa jumla. Bidhaa tatu za 5,000 kila moja: mstari kwa mstari VAT ni 763 × 3 = 2,289. Kwa jumla ya 15,000 ni 2,288.14, yaani 2,288. Zote zinatetewa, lakini risiti moja haiwezi kubeba zote mbili.

Kupeleka kwenye mia kwa ajili ya chenji kuwe mwisho kabisa, juu ya jumla ya risiti: (jumla + 50) // 100 * 100. Ukifanya kwa kila mstari, wenye mistari kumi ya shilingi 60 zilizozidi wanakulipa 400 ambazo hawadaiwi. Na tofauti hiyo iwe na safu yake, usiifiche ndani ya bei.

Nne, na hii ni ya wanaotumia jedwali kabla ya programu: kupunguza nafasi za desimali kwenye kioo hakubadilishi namba. Gawa 1000 kwa 3 kwenye seli tatu, ficha desimali, utaona 333, 333, 333, na chini jumla 1000. Mteja aliye na karatasi mkononi atajumlisha na kupata 999. Tumia ROUND ndani ya seli. Na kwa hasi, jua kwamba INT(-3.5) ni −4 lakini TRUNC(-3.5) ni −3, ya kwanza inashuka kwenye mstari wa namba, ya pili inakata mkia.

Tano, mkato. Sisi 1,500 ni elfu moja na mia tano. Wenzetu wa Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, waliosoma kwa Kifaransa wanaweka mkato mahali petu pa nukta: kwao 2,5 ni mbili na nusu. Faili ikitoka kwenye kompyuta iliyopangwa hivyo, usikimbilie kufuta mikato yote kwa replace(",", ""). 1,500 itakuwa 1500, sawa, lakini kilo 2,5 zitakuwa 25. Mara kumi ya misumari! Kagua kwanza faili imetoka wapi, kisha usome safu ya uzito na safu ya bei kila moja kwa kanuni yake.

---

kaunta_mbale ameandika:

Asanteni sana, wakubwa zangu. Nimebadilisha: bei kwa shilingi, uzito kwa gramu, waya kwa sentimita, simu maandishi, safu zote za fedha BIGINT. Simu 40 zilikuwa zimepoteza sifuri, nimeirudisha kwa kuhesabu tarakimu tisa.

Nimetumia ile (gramu * bei + 500) // 1000 kwa mauzo na kwa marejesho pia. Kwa marejesho gramu zinakuwa hasi. Kilo 1.275 ziliuzwa 7,013, zikarudishwa zote, na programu imerudisha 7,012. Shilingi moja imebaki kwenye sanduku. Nimekosea wapi?

---

mwalimu_wa_namba amejibu:

Nilikwambia hasi zitakurudia, ha! Fuata mstari wa namba. −7,012,500 ukiongeza 500 unapata −7,012,000. Gawa 1000, ni −7012. Ule 500 unasukuma kuelekea kulia siku zote. Upande wa chanya, kulia ni mbali na sifuri, kwa hiyo nusu inapanda hadi 7013. Upande wa hasi, kulia ni kuelekea sifuri, kwa hiyo −7012.5 inakwenda −7012.

---

mhasibu_nakasero amejibu:

Kosa ni langu, kanuni niliyotoa ni ya chanya tu na sikusema. Kokotoa kwa gramu chanya, kisha weka alama ya hasi mwishoni:

kiasi = (abs(gramu) * bei + 500) // 1000
ikiwa gramu < 0: kiasi = -kiasi

(Huo mstari wa pili uuandike kwa if ya Python, nimeutafsiri tu.)

Njia bora zaidi kwa marejesho ni kutokokotoa kabisa. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye risiti ya mauzo na uweke hasi mbele yake. Bei ikipanda kati ya siku ya kununua na siku ya kurudisha, kanuni yoyote ya kukokotoa upya itakupa kiasi kisicho cha risiti ile.

---

fundi_jinja amejibu:

Naongeza hapo: // ya Python na / ya inti kwenye Java au C hazikubaliani kwenye hasi. Python −7//2 ni −4, inashuka. Java −7/2 ni −3, inakata. Baki nazo zinatofautiana: Python −7 % 2 ni 1, Java ni −1. Siku ukihamishia programu kwenye simu ya Android, usinakili mstari huo bila abs().

---

kaunta_mbale ameandika:

Nimeweka abs() kwa bidhaa zisizo na risiti, na zenye risiti nasoma kiasi cha zamani. Mauzo 7013, rejesho −7013, sanduku 0. Nimejaribu pia 1.274 na 1.276 pande zote mbili: 7007 na −7007, 7018 na −7018.